Hotuba ya Kuzindua Kipima-Taa cha Ngazi za Kanisa, Dolna Vishnitsa

Mheshimiwa Meya, Padre Onufri, wanakilabu wa wastaafu, akina mama wa kwaya, na wewe Mzee Mincho uliyekalia kiti cha wageni bila kualikwa: nasimama mbele yenu mimi, Kiril Dragoev, Naibu Mwenyekiti wa Kamati ya Mwanga, mtu ambaye pasipo yeye jua lenyewe lingeuchomozea mji huu kwa kubahatisha. (Makofi ya watu wawili, mmoja wao shemeji yangu.)

Kama mjuavyo, majira ya baridi Nyanya Rada aliteleza kwenye ngazi za kanisa gizani akavunjika mkono, na Pasaka ni Jumapili. Taa za LED tumezipata gunia zima, lakini nzima na mbovu zimechanganyika kama maharagwe na mawe. Ndipo ofisi yangu, kwa mkakati shirikishi wa washikadau wote, yaani mimi, ikabuni kipima-taa.

Kinafanyaje kazi? Umeme wa ukutani una volti mia mbili na thelathini, nao hukimbia mbele na nyuma kama mbuzi aliyeona mbwa. Kapasita humbana mbuzi huyo mlangoni, apite kidogo kidogo. Diodi nne zilizopangwa kama daraja humlazimisha aende upande mmoja tu. Rezista humpunguzia kishindo cha kwanza. Ukigusisha nyaya mbili kwenye miguu ya taa, nzima inawaka, isipowaka, igeuze, ikikataa tena, itupe. Ila zile nyaya ni umeme wenyewe wa ukutani uliorefushwa: ukizishika kwa vidole, utamwona babu yako aliyefariki. (Padre anafanya ishara ya msalaba.)

"Basi kilete tukione," anasema Mzee Mincho.

Nakuja huko, mzee wangu. Kutokana na changamoto za kiutendaji, tulinunua waya mwekundu na waya mweupe. Mlinzi wa ofisi akazikuta mezani, akadhani ni martenitsa yangu ya Machi nimeisahau, ule uzi mwekundu na mweupe wa kuombea afya unaovaliwa mpaka korongo wa kwanza aonekane, kisha hufungwa mtini; na kwa kuwa alikuwa amemwona korongo asubuhi hiyo, akazisokota na kuzifunga kwenye mplamu uliochanua, anitakie afya.

"Afya umeipata," anasema Mincho. "Tazama hilo tumbo." (Kicheko kirefu kisicho cha lazima.)

Tathmini yangu inaonyesha kwamba asilimia tisini na tisa ya wananchi wameridhika.

"Kirilcho, mwanangu," anasema Nyanya Rada, mkono ungali kwenye bandeji. "Mimi nataka kushuka Jumapili bila kuanguka. Zitawaka au hazitawaka?"

(Hata kwaya imeacha kutafuna mbegu za alizeti.)

Nyanya, zitawaka. Kauli mbiu yetu ni: Mwanga kwa kila ngazi, ngazi kwa kila mguu, mguu kwa kila mpiga kura. Nawashukuru kwa uvumilivu wenu, hasa kwa kuwa kapasita hatujanunua, wala diodi, wala hakijawahi kuwepo kipima-taa chochote. Kesho mke wangu Tsvetanka atakuja na vifaa vyake, atakiunda na kuzipima taa zote kabla ya chakula cha mchana. Yeye ndiye anayebadilisha balbu kwetu. Mimi wakati huo huwa uani, nimemshika paka, nasubiri aniite kwamba ni salama kuingia.