Harufu Rasmi ya Idara ya Sare

Inatangazwa kwa wote wanaohusika, na kwa wasiohusika pia wasije wakasema hawakuambiwa, kwamba uchafu ulikomeshwa katika Idara ya Sare siku ya Jumatatu, mara baada ya chai. Kabla ya chai ulikuwapo. Mkurugenzi mwenyewe aliuona kwenye kola ya mtunza stoo. Baada ya chai utepe ukakatwa, makofi yakapigwa, na mashine mpya ya kufulia ikaanza kuzunguka mbele ya wageni waalikwa.

Tatizo lilikuwa povu.

Mkurugenzi alisimama mbele ya kile kioo cha mviringo, mikono nyuma, tumbo mbele, akisubiri povu. Halikuja. Zilikuja suruali za bluu zikijipindua taratibu kwenye maji kidogo, kama watu wasiotaka kuamka. Mgeni mmoja, mkuu wa idara jirani, akakohoa. Mkurugenzi akasikia ndani ya kikohozi kile dharau ya idara jirani nzima.

"Povu liko wapi?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Msimamizi wa chumba cha kufulia alikuwa mwanamke wa makamo aliyeitwa Mama Kamba, kwa kuwa kabla ya mashine yeye ndiye aliyetawala kamba zote za uani. "Sabuni yake haitoi povu jingi, bosi," alisema. "Ndivyo ilivyotengenezwa. Povu likizidi, mashine hii haisuuzi."

"Sasa wageni watajuaje kwamba tunafua?"

"Nguo zikitoka safi, bosi."

"Hiyo ni baadaye. Mimi nazungumzia sasa."

Hapo ndipo ilipozaliwa Sera ya Povu Linaloonekana. Sabuni ya mashine ikapelekwa stoo, ikaletwa ile ya unga ya kufulia kwenye karai, inayofura mpaka mtoto anaweza kupotelea ndani. Maagizo yalikuwa mepesi: itiwe mpaka kioo kiwe cheupe kabisa na nguo zisionekane. Nguo zikionekana, kazi haijafanyika.

Sasa tuseme ukweli, maana Mwenyezi Mungu anasikia hata hadithi: Mkurugenzi hakuwa mjinga. Nyumbani kwake kulikuwa na mashine ya namna ile ile, na mkewe aliitunza kama mboni ya jicho. Alitia sabuni ya maji kidogo tu, kizibo hakijai. Hakuchanganya nguo za rangi na nyeupe. Hakuishindilia nguo kama gunia la mkaa. Aliacha nafasi ya kupitisha kiganja. Akimaliza, alifuta ule mpira wa mlangoni kwa kitambaa, akachomoa kidroo cha sabuni kikauke, akauacha mlango wazi. Siku moja Mkurugenzi alipita akaufunga kwa unadhifu wake. Mkewe akamtazama.

"Baba watoto, wewe ukifungiwa ndani umelowa, kesho utanukaje?"

Akaufungua saa ile ile, na tangu hapo akawa anauzunguka mlango ule kwa adabu. Lakini nyumbani ni nyumbani na kazini ni kazini. Nyumbani mtu hufua ili nguo itakate. Kazini mtu hufua ili ionekane kwamba amefua.

Kwa hiyo siku alipoingia chumba cha kufulia jioni akakuta mlango wa mashine uko wazi, alishtuka kweli.

"Mali ya umma inaachwa mdomo wazi kama mlevi?"

"Inapumua, bosi," alisema Mama Kamba.

"Ipumue kwa utaratibu."

Ikaamuliwa kwamba kila baada ya kufua mlango ufungwe na kupigwa lakiri. Na lile chujio la chini, linalokusanya nyuzi na vifungo vilivyokatika, likaundiwa Kamati ya Ufunguzi wa Kifuniko. Kamati haikuwahi kukaa. Mwenyekiti hakuweza kuitisha kikao bila barua ya katibu, na katibu hakuweza kuandika barua kabla kikao hakijamteua kuwa katibu.

Matunda hayakukawia. Sare za bluu zikaanza kuwa na rangi ya jivu. Zikakakamaa, zina mistari myeupe ya sabuni isiyosuuzwa, ukizikunja zinalia kama mkate mkavu. Mpira wa mlangoni ukaota ukungu mweusi. Na nguo zikavunda. Si harufu ya jasho, jasho lina heshima yake. Ni ule uvundo wa kitambaa cha deki kilichosahauliwa ndani ya ndoo. Wafanyakazi wakaanza kusalimiana kwa mbali.

"Leo unanuka kama mimi," karani alimwambia mhasibu.

"Tunanuka sawa. Tofauti yetu mshahara tu."

Malalamiko yalipomfikia Mkurugenzi, hakuyapuuza, yeye si mtu wa hivyo. Aliunda Kamati ya Kunusa. Kamati ilinusa juma zima, wajumbe wawili wakaomba likizo ya ugonjwa, na mwisho ikatoa taarifa: uvundo ni ule ule kwa kila mtumishi, kuanzia mhudumu mpaka mhasibu, hakuna aliyependelewa. Mkurugenzi alisoma sentensi ile mara mbili, macho yakamng'aa. Kitu kinachomfikia kila mtu bila upendeleo hakiwezi kuwa kasoro. Hicho ni kiwango.

Hivyo ndivyo ilivyopatikana Harufu Rasmi ya Usafi.

Mkurugenzi aliipeleka habari juu. Huko juu ikapanda ngazi moja baada ya nyingine, kila ngazi ikiipaka sukari kidogo, mpaka Waziri akasimama kwenye mkutano mkubwa, mbele ya waandishi wa habari, akatamka kwamba wizara yake ndiyo pekee ambayo usafi wake unaweza kuthibitishwa kwa pua. Watu wakapiga makofi. Maji yalikwisha kumwagika, na maji yakimwagika hayazoleki.

Nacho kiti cha Katibu Mkuu wa wizara kilikuwa wazi. Mkurugenzi alikitaka kiti kile kama mgonjwa anavyotaka usingizi. Alikwisha kwenda mara moja kukitazama, akakigusa mgongo, akaona kinamfaa. Ili asije mtu akamharibia, akatoa agizo la mwisho: kila aingiaye getini atanuswa, na asiyekuwa na harufu rasmi atahesabiwa kuwa anafua kwingine, jambo ambalo ni hujuma. Akamalizia kwa maneno aliyoyapenda kuliko yote, "bila kujali cheo." Alikuwa akiyaweka mwishoni mwa kila agizo, kama watu wanavyoweka ua mezani. Hayajawahi kumdhuru mtu.

Kazi ya kunusa akapewa mlinzi wa getini, mzee wa zamani wa jeshi aliyekuwa akisoma maagizo ya idara jinsi wengine wanavyosoma vitabu vitakatifu, polepole, akiamini kila neno.

Wa kwanza kunaswa alikuwa dereva wa idara. Shati lake lilikuwa linanukia jua.

"Umefua wapi?" Mkurugenzi alimuuliza.

"Nyumbani, bosi. Mama amenifulia. Ameniambia kwa harufu ile siwezi kukaa naye meza moja."

"Mama yako yumo kwenye muundo wa idara?"

"Hayumo, bosi."

"Basi."

Dereva akahamishiwa ghala la matairi chakavu, nje ya mji, mahali ambapo barabara ya lami inachoka na kurudi. Mama Kamba akaja ofisini, akasimama mlangoni, mikono imekunjwa.

"Bosi, yule kijana anamuuguza mama yake. Kule ataishia kulala huko huko. Nani atampa mama uji?"

"Angefikiria hayo kabla ya kuanika shati juani."

"Sawa. Ila na wewe, bosi, sare yako haijawahi kupita mikononi mwangu hata siku moja."

Mkurugenzi akaweka kalamu chini. "Sare yangu iko kwenye ngazi nyingine. Na ghala lile, Mama Kamba, matairi ni mengi. Nafasi ya kukaa haikosekani."

Mama Kamba akaenda zake. Hakubamiza mlango. Aliuacha wazi.

Ikaja habari kwamba Waziri atatembelea idara, na kwamba hapo hapo atamtangaza Katibu Mkuu mpya. Mkurugenzi akaenda nyumbani anatembea kama mtu aliyebeba yai mfukoni.

"Mama watoto, sare ya kesho naiomba iwe sare kweli."

Mkewe akaigeuza ndani nje ili rangi isichujuke, akaifua kwa maji baridi na sabuni ya nguo za giza, akaianika kivulini. Alipokuwa anaipiga pasi akauliza, "Na za wenzako?"

"Zinafuliwa kazini."

"Najua. Kwenye ile harusi nilikaa jirani na mhasibu wenu. Nilihama kiti." Akageuza mkono wa shati. "Baba watoto, si uwaambie tu waache mlango wazi?"

"Hilo ni suala la kisera."

"Haya," mkewe alisema, na pasi ikaendelea.

Asubuhi idara nzima ilijipanga getini, kijivu na ngumu kama safu ya mbao. Waziri akashuka, na waandishi wa habari wakashuka naye. Akavuta pumzi ya kwanza. Uso wake ukatulia kama wa mtu anayepigwa sindano mbele ya watoto.

"Naam," alisema bila kuvuta ya pili. "Ndiyo yenyewe. Tuanze kunusa, wananchi waone."

Mlinzi akaanza. Akamnusa mtunza stoo, akaitikia kwa kichwa. Akamnusa karani, akaitikia. Akamnusa mhasibu, akafumba macho kidogo, akaitikia. Akafika mwisho wa mstari, palipokuwa na sare ya bluu kama wino, mikunjo imesimama, vifungo vinawaka. Akanusa. Akazunguka nyuma, akanusa tena.

"Mheshimiwa," alimwambia Waziri, "huyu hana harufu."

Mkurugenzi akacheka kidogo. "Mzee, mimi ndiye Mkurugenzi."

"Ndiyo, afande. Ndiyo maana nimenusa mara mbili."

"Agizo hilo nimeliandika mimi."

"Nami nimelisoma, afande. Limeishia na bila kujali cheo."

Waziri akasogea ahakikishe mwenyewe. Akainama kwenye bega la Mkurugenzi na pua yake ikakaa pale kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kama msafiri aliyepata kivuli. Alijua. Mkurugenzi aliona kwamba anajua. Safu nzima ya kijivu ilijua. Lakini kamera zilikuwa zimeinuliwa, na ule mkutano mkubwa ulikuwa umeshapiga makofi.

"Umefua wapi?" Waziri aliuliza.

"Nyumbani, Mheshimiwa. Mke wangu..."

"Mke wako yumo kwenye muundo wa idara?"

Kumbe maswali ya wakubwa nayo hufuliwa kwenye mashine moja.

"Hayumo, Mheshimiwa."

"Basi."

Mkurugenzi alimtazama Mama Kamba, labda atasema neno. Mama Kamba alikuwa anatazama upande wa chumba cha kufulia.

Mlinzi hakuwa amemaliza. Alipiga saluti. "Na wewe, Mheshimiwa, samahani. Bado hujapita."

Koti la Waziri lilikuwa linanukia manukato ya ng'ambo. Akawatazama waandishi, nao wakamtazama. Akalivua taratibu, akamkabidhi Mama Kamba kwa mikono miwili.

"Povu linaloonekana, Mheshimiwa, au nitie kidogo tu?" Mama Kamba aliuliza.

"Linaloonekana," Waziri alisema, akitazama kamera.

Wakaenda wote chumba cha kufulia, lakiri ya mashine ikavunjwa. Mlango ulipofunguka, mwandishi mmoja alikaa chini. Koti likaoshwa mpaka kioo kikawa cheupe, likakamuliwa, na Waziri akaondoka amelivaa bichi. Inasemekana baraza zima la mawaziri lilihamishia vikao vyake uwanjani, na kwamba ilielezwa kuwa ni kwa ajili ya kuwa karibu na wananchi. Kiti cha Katibu Mkuu akapewa yule mkuu wa idara jirani, aliyekohoa. Idara yake haina mashine. Wanafua kwenye karai, na karai halina mlango wa kupigwa lakiri.

Mkurugenzi akapangiwa ghala la matairi. Na kwa kuwa muundo wa ghala unaruhusu mtu mmoja tu, dereva hakuwa na pa kukaa; ikabidi arudishwe kwenye usukani wake na kwa mama yake. Sare yake huivaa getini na kuivua kona ya kwanza, ndani ana shati la jua.

Ila Mkurugenzi hakutupwa kabisa. Aliambiwa kwamba ombi lake la kurudi litafikiriwa siku atakapokuwa ameshika harufu rasmi kikamilifu. Kwa hiyo kila juma dereva humpelekea sare iliyofuliwa idarani, imekunjwa, inalia, naye huivaa. Siku ya kwanza alirudi nayo nyumbani. Watoto waliacha kula. Mkewe akamtoa kwa upole mpaka barazani, akarudi ndani, akafungua madirisha yote.

"Mama watoto," Mkurugenzi alisema kutoka nje. Kupitia mlangoni aliiona mashine yake mwenyewe, kavu, safi, mdomo wazi, inapumua. "Nifulie hii moja tu. Hakuna atakayejua."

Mkewe akaleta kiti, akakiweka mbali kidogo na kizingiti.

"Ningependa, baba watoto," alisema. "Lakini mimi simo kwenye muundo wa idara."