Sura ya Tatu ni ya Thorvald

Jumatatu, 2 Juni
Mke wangu Gudrun kamaliza kitabu cha maisha yake. Wajukuu watapewa Jumamosi ya tarehe 14, majirani watakapotufungia tao la matawi mlangoni, kama ilivyo desturi ya kwetu. Miaka hamsini ya ndoa! Kaniomba nipange vichwa vya sura na namba kwenye kompyuta. Kazi ndogo. Nikafungua yaliyomo. Sura ya 3: Thorvald. Yule mpiga kodiani wa Sønderborg aliyemchumbia kabla yangu! Na mimi Ejnar, mume halali? Sura ya 7. Nyuma ya sura ya kuku wetu! Nimeumia, sifichi.

Jumanne, 3 Juni
Nimekuza herufi za kichwa cha sura yangu kwa kubadilisha mtindo, kumbe vichwa vyote vinatumia mtindo mmoja. Vichwa vyote vikakua pamoja nacho. Thorvald sasa anasomeka kutoka Ujerumani.

Jumatano, 4 Juni
Nimemvua Thorvald mtindo wa kichwa, nikamfanya maandishi ya kawaida. Namba yake ikatoweka, zilizofuata zikajipanga upya! Nikapanda hadi 6, nikajipongeza kwa keki. Kisha nikasoma. Bila kichwa, habari zake zimeungana na sura ya pili, "Mchungaji Wetu". Ukisoma harakaharaka, mchungaji ndiye anayembusu mke wangu nyuma ya ghala. Nimemrudisha Thorvald. Shingo upande.

Ijumaa, 6 Juni
Gudrun kagundua. Keki ilikuwa ya wageni, akauliza nilikuwa nasherehekea nini. Nikakiri yote. Hakunicheka. Akanishika sikio taratibu.
"Mzee wangu, Thorvald ana kurasa mbili. Kuanzia sura ya saba hadi ya ishirini ni wewe mtupu. Kwani hukuzisoma?"
Sikuzisoma. Nilikuwa nasoma namba. Nimezisoma leo zote, mezani jikoni, kahawa ikapoa. Kaandika hata jinsi ninavyompashia soksi moto majira ya baridi. Nimelia. Nampenda sana mwanamke huyu.

Jumatatu, 9 Juni
Kama sura kumi na nne ni zangu, haki ijulikane! Kwenye mpangilio wa namba nimefuta neno "Sura", nikaandika "Ejnar". Ejnar 7! Ejnar 8! Mpaka 20! Za kabla ya 7 sikuzitazama, hazinihusu. Nimetuma kwa mchapaji palepale.

Alhamisi, 12 Juni
Vitabu arobaini vimefika. Vizuri sana. Ila ukurasa wa kumi na tano, kwa herufi kubwa: Ejnar 3: Thorvald.
Gudrun yuko kwa msusi hadi saa nane. Nina mkasi, gundi na karatasi nyeupe. Kazi ndogo.