Waraka wa Majuma Mawili

Fundi wetu wa programu hakuwa na kiti chenye mgongo, hakuwa na dirisha, hakuwa na kompyuta isiyozimika mtu akipiga chafya, na baada ya miaka sita ya kibarua hakuwa na ajira ya kudumu. Ofisi ilimwongezea jambo moja tu la kukosa: muda.

Mkurugenzi alitangaza Waraka wa Majuma Mawili. Kila kazi ya kompyuta itachukua majuma mawili kamili. Ikiisha mapema, fundi aikalie mpaka kengele ya siku ya mwisho. Isipoisha, kilichobaki kikatwe, na kilichopo kianze kutumika papo hapo. Mimi, karani mkuu wa masjala, niliupigia makofi nikiwa nimesimama.

Kazi ya kwanza ilikuwa programu ya watumishi. Fundi akiitoa kengele ikilia, ameajiriwa. Akichelewa, afungashe virago.

Siku ya mwisho alikuja kwa Mkurugenzi macho mekundu.

"Shikamoo, bosi. Sehemu ya kustaafisha waliofika sitini iko tayari. Ya kuwaongezea mikataba bado. Naomba siku tatu."

"Marahaba. Kwani hapa sokoni, dada, tupunguziane? Kata!"

"Bosi, lakini hiyo ndiyo..."

"Kata! Unataka kunifundisha kazi?"

Akakata. Saa tisa kengele ikalia, programu ikawashwa, mashine ikachapa barua ya kwanza. Ilimstaafisha Mkurugenzi, mwenye miaka sitini na saba na mkataba wa nne, kuanzia dakika ileile. Mimi nina hamsini na tisa, kwa hiyo sikuiona kasoro yoyote.

"Haka kamashine kana wazimu!" akafoka. Kisha sauti ikalainika. "Mwanangu, hebu irudishe. Chukua hizo siku tatu. Chukua hata mwezi."

"Ningependa, mzee," fundi akajibu kwa adabu. Kwa sharti lile, alikuwa mwajiriwa wa kudumu tangu kengele. "Ila kuongeza muda kunataka sahihi ya mkurugenzi aliye kazini."

Tukaangaza huku na huku kumtafuta. Hakuwepo.

"Karani, lete hiyo barua niichane!"

Nilimweleza kwamba barua rasmi haikabidhiwi mgeni asiye na miadi, hupitia posta. Nikaikunja mara tatu, nikalamba bahasha, nikaifunga, nikaigonga muhuri, nikampa tarishi. Mzee akamfuata mpaka kwenye ngazi, akimsihi atembee polepole.