Alama Arobaini za Magoti

Jumatatu, 3 Machi

Ofisi ya kupokea wageni imetugawia madaftari. Kila mtu aandike kila siku, kwa lugha yake, eti inasaidia kichwa kutulia. Changu kilitulia zamani, ila daftari la bure sikatai. Nina miaka sabini na mbili. Nilisoma hadi darasa la nne, mwalimu akahama, nami nikahama.

Habari ya leo ni moja. Nyumba ya chini, ile ya mlango wa barabarani, iko wazi. Sisi tuko ghorofa ya nne. Ngazi sitini na nane, lifti hakuna. Bibi yangu, mama watoto, magoti yamegoma. Siku ya kufika tulimpandisha kwa kiti, akaapa hashuki tena kwa kubebwa kama kabati. Hii wiki ya saba. Yuko dirishani tu. Mtaa mzima anaujua kwa utosi. Ananiambia leo Kipara kachelewa, leo Kilemba Chekundu ana mgeni. Sura zao hajawahi kuziona.

Naitaka nyumba ile. Si kwa ajili yangu, mimi ngazi nazipanda kama mbuzi. Pale ghorofa ya pili huwa nasimama kwa kupenda mwenyewe.

Mwenye kuigawa ni dada wa ofisi, ninamwita Bi Faili, maana faili halimtoki kwapani. Kupitia mkalimani kasema Ijumaa anakuja kumpima bibi. Maswali ishirini, kila swali hadi alama mbili. Jumla arobaini.

Kumbe ni mtihani. Hapo wamenifuata nyumbani, kupimwa nimezoea.

Jumanne, 4 Machi

Nina mpinzani. Fundi Saa wa ghorofa ya pili, tulikuja naye ndege moja. Naye anaitolea macho nyumba ya chini. Alipimwa wiki iliyopita. Nikamuuliza kapata ngapi.

Tisa, akasema. Uso mkavu kabisa.

Nilicheka nikashika ukuta. Tisa kwa arobaini, na mtu mzima anatembea mchana. Nikamuuliza kilichomponza. Akasema hakuna, amesema kweli tu: bafuni anapata kizunguzungu, mkono wa kushoto hauna nguvu, sokoni anapotea. Kisha akanionyesha. Bafuni wamempigia vyuma vya kujishikilia. Wamempa fimbo yenye mpira mguuni. Na kila Jumatano mama mmoja wa kujitolea anampeleka sokoni na kumrudisha.

Sikuelewa. Mtu kafeli, anapewa zawadi, na mama wa kumshika mkono juu yake.

Akaniambia, mzee mwenzangu, pale hupimwi unachoweza, unapimwa unachokosa. Ukishaweza kila kitu wakuongezee nini?

Nikamtazama vizuri. Huyu ananizuga. Anataka nimfelishe bibi ili yeye ahamie chini na vyuma vyake.

Mimi nimepimwa maisha yangu yote. Nyapara wa kiwandani alikuwa anatubinya mikono kila asubuhi, mwenye mkono laini anarudi kwake. Kwenye foleni ya kuja huku, aliyekohoa aliambiwa akae kando. Wengine wako kando mpaka leo. Sijaona ofisi iliyonipa kitu kwa sababu nimesema siwezi.

Bibi lazima afaulu.

Alhamisi, 6 Machi

Mazoezi siku mbili. Bibi anagombana.

Nimepanga viti vitatu kutoka kitandani hadi mlangoni, anashika kimoja, anavuka, anashika kingine. Jana nimeondoa cha katikati. Akaniuliza hivi wewe unataka nyumba au unataka kubaki mjane. Nikamwambia ajikaze kisabuni, ni siku moja tu. Nimemkanda magoti kwa dawa ya kuchua mpaka chumba kizima kikanuka, kisha nikakumbuka harufu ni ushahidi, nikafungua madirisha yote. Bibi kashikwa na mafua. Nimemkataza kukohoa.

Majibu nimemkaririsha. Unashuka chini? Mara mbili kwa siku. Ukishuka unafanya nini? Napunga upepo. Unapika mwenyewe? Napika hadi vya jirani. Anajibu kama anayesomewa mashtaka. Anasema, lakini mimi sijashuka hata mara moja. Ndiyo maana, nikamwambia, ndiyo maana tunafanya mazoezi.

Likabaki tatizo la viatu. Viatu vyake vipya, vya kupewa na ofisi, soli zinang'aa kama sahani. Mtu anayeshuka mara mbili kwa siku hana soli kama zile. Nimeviteremsha, nikaingiza mikono ndani, nikavitembeza kwenye tope la bustani. Hatua fupi, za kike. Nikazunguka mti mara nne nikiwa nimeinama. Nilipoinua kichwa, mtunza jengo amesimama na ufagio wake. Hatuna lugha moja mimi naye. Nikamwonyesha viatu, nikamwonyesha juu ghorofa ya nne, nikatikisa kichwa kwa heshima. Akavua kofia yake, akaiweka kifuani.

Nadhani anaamini bibi amefariki. Nitamsahihisha baada ya mtihani.

Ijumaa, 7 Machi

Imekwisha. Nimelowa jasho kama aliyepimwa ni mimi.

Bi Faili alikuja saa nne kamili. Mkalimani alikuwa ndani ya simu, akawekwa mezani kati ya vikombe. Sauti ya mtu asiyelala vizuri. Swali la kwanza, je, Mama anaweza kuinuka kitandani bila msaada. Nikajibu anaruka.  Mkalimani akasema, Mzee, swali ni la Mama. Nikamwambia mimi na Mama ni mwili mmoja miaka arobaini na nane. Akasema anajua Mzee, lakini leo tunapima mwili ule mwingine.

Ana mdomo, kijana huyu. Watu wa ndani ya simu wana raha zao.

Bibi akajibu mwenyewe. Mara mbili kwa siku. Napunga upepo. Hadi vya jirani. Sauti ilikuwa ndogo lakini hakukosea hata neno. Akaombwa atembee hadi mlangoni. Akatembea. Bila kiti. Niliona shingo yake imesimama mishipa, na alipofika mlangoni machozi yalikuwa yanamtoka. Bi Faili akauliza kwa nini analia. Nikadakia kwamba ni furaha, bibi yangu akifanya mazoezi hufurahi kupita kiasi. Mkalimani akaniomba nirudie neno furaha, ndipo akatafsiri.

Viatu nilikuwa nimeviweka pale mgeni atakapokanyaga. Bi Faili akavitazama. Tope limekauka mpaka kwenye kamba. Akaandika.

Walipoondoka, bibi alikaa kitandani, akasema nimvue soksi, hawezi kuinama. Nikamvua. Magoti yamevimba kama mikate. Nikamwambia umefaulu. Akasema, haya.

Jumatano, 12 Machi

Barua. Wameitafsiri kwa Kiswahili, Kiswahili cha suti na tai.

Alama arobaini kati ya arobaini.

Nimeisoma mara tatu kwa sauti. "Hongera. Kaya yenu inajitegemea kikamilifu. Kwa hiyo faili lenu litafungwa tarehe 31 Machi na huduma zetu kusitishwa. Nyumba ya chini itatolewa kwa mhitaji anayefuata kwenye orodha." Kule juu nilielewa hongera. Huku chini nikaanza kuchanganyikiwa. Tumekuwa wa kwanza, kisha wanatufukuza darasani.

Nikashuka kwa Fundi Saa anisaidie kufikiri. Aliisoma, akaniangalia, akaisoma tena. Hakucheka. Ningependa angecheka. Akasema, mzee mwenzangu, umemfanya nini yule mama? Kisha akatoa barua yake. Mhitaji anayefuata ni yeye. Tisa.

Arobaini anabaki juu, tisa anahamia chini. Nimehesabu kwa vidole, nimehesabu kwa ngazi. Haiji.

Nilimpa bibi habari. Aliinuka akishika ukuta, akafunga pazia la dirisha lake. Saa kumi mchana, jua linawaka, akafunga.

Nikamuuliza mbona. Akasema amechoka na utosi wa watu.

Sijawahi kuona amefunga pazia lile. Chai nimekunywa peke yangu, baridi.

Alhamisi, 13 Machi

Nimepata dawa. Fundi Saa ameiba mtihani.

Nina ushahidi. Juzi nimemwona kwa macho yangu akiruka dimbwi. Dogo, lakini aliruka, na fimbo ameibana kwapani. Mtu wa tisa haruki. Apimwe upya, apate hata ishirini na tano, atolewe kwenye orodha, nyumba ibaki, tuipate kwa heshima ya alama zetu.

Saa tatu nilikuwa ofisini. Nimevaa koti. Dada wa mapokezi akanipa namba na kunionyesha kiti. Niliketi karibu na mtungi wa maji. Nikapanga maneno. Nikanywa maji. Nikapanga tena. Saa nne, saa tano. Nilipofika "dimbwi" nilikuwa nimeshamhurumia Fundi Saa kidogo, maana siku ya kufika ni yeye aliyeshika mguu wa mbele wa kile kiti cha bibi, na huo mkono wake mbovu. Lakini nimeshachukua namba.

Saa sita ndipo dada akapiga simu, akanirudia na mkalimani sikioni. Akaniambia Bi Faili hayupo. Nikauliza yuko wapi. Akasema, Mzee, yuko kwako.

Nilipanda zile ngazi sitini na nane. Ghorofa ya pili nilisimama, na ya tatu nikasimama, na safari hii si kwa kupenda.

Bi Faili alikuwa kwenye kiti changu, na chai yangu. Simu iko katikati. Bibi anaongea. Bibi ambaye huwa hamalizi sentensi bila kunitazama, anaongea kama bomba lililofunguliwa. Kumbe Bi Faili aliacha kadi ya mkalimani Ijumaa, na asubuhi nilipotoka tu na koti langu, bibi akapiga simu mwenyewe. Nilisimama mlangoni nikasikia. Kwamba hajashuka tangu afike. Kwamba viatu vilishuka, yeye hakushuka. Kwamba huota anakaa kizingitini, anachambua kitu chochote, na mtu anapita anamsalimu.

Nikasema bibi, unatuharibia.

Akasema, baba watoto, kaa.

Nikakaa kitandani. Bi Faili akachukua karatasi mpya. Walianza swali la kwanza. Kila bibi alipojibu nilisikia alama mbili zinadondoka sakafuni. Tulipofika la ishirini nilikuwa sijielewi.

Ijumaa, 14 Machi

Wametupokonya. Kutoka arobaini hadi saba. Saba! Tumepitwa hata na Fundi Saa.

Nimeshindwa kupita mbele ya mlango wake, nikakaa ndani kutwa. Jioni kapanda mwenyewe na fimbo yake. Nikajua amekuja kunicheka. Alikuja kumwambia bibi kwamba nyumba ya chini imekwenda kwa saba, ofisi imempigia, na yeye hana neno, ghorofa ya pili anayo mandhari. Bibi akamshika mikono yote miwili. Nikauliza kama kuna mtu anaweza kunieleza mimi. Fundi Saa akasema alishanieleza Jumanne ya wiki iliyopita, mdomo umemwota malengelenge.

Jumatano, 26 Machi

Tumehama jana. Bibi amekubali kiti mara ya mwisho. Fundi Saa mbele, mtunza jengo nyuma, mimi nikiongoza kwa sauti. Mtunza jengo alipomwona bibi yu hai alikalia ngazi kwanza, ndipo tukaendelea.

Leo asubuhi bibi ameketi kizingitini. Kipara amepita, ana macho ya kirafiki. Kilemba Chekundu amesimama kabisa, wameongea nusu saa, kila mmoja kwa lugha yake, na hakuna aliyelalamika.

Nimekaa nikatafakari jambo hili mpaka likanyooka. Ofisi ilituonea. Walitupokonya alama thelathini na tatu za jasho letu, mbele ya jirani. Wakaona aibu. Sasa mtu mwenye aibu hufanya nini? Hutoa kitu. Wametoa nyumba. Tusingepata zile arobaini kwanza, wasingekuwa na cha kutupokonya, na fidia isingekuwepo. Kwa hiyo ni mazoezi yangu.

Nimemweleza bibi. Amecheka mpaka Kilemba Chekundu akacheka pia, na yeye hajui tunasema nini.

Jumapili, 30 Machi

Barua nyingine, imefika jana. Hii ni yangu. Eti Bi Faili amepata taarifa kwa mtu wa karibu kwamba mzee wa nyumba hii husikia upande mmoja, huishiwa pumzi, na mara mbili amepotea akirudi kutoka duka la mkate. Mtu wa karibu alikuwa anachambua mboga, hakuinua uso.

Wanakuja Jumanne kunipima. Bibi akaniomba kitu kimoja tu, niseme kweli. Fundi Saa aliyekuja kunywa chai akasema afadhali kiombwe kiti alichokalia kiseme kweli. Nikawaambia wote wawili watulie, safari hii hawatupokonyi hata moja.

Nimeanza leo leo. Kuna lile zoezi la kusimama kwa mguu mmoja, hesabu hadi kumi. Nimefika kumi na mbili, hapo jikoni. Bibi akasema basi nisishike jiko, wala meza.

Siku yenyewe sitashika.