Peke Yangu Hadi Lubunga

Jumatatu, 26 Juni 1961

Nimeposa! Umri huu, tumbo hili, tena katika nchi ya watu. Nilitoka Ujiji nije Kisangani kumsalimu binamu yangu Alfani tu, nirudi. Nikamwona jirani yake Mwanahamisi, mjane, akiponda lituma mbele ya nyumba yake. Ndizi zile alizitwanga kwa nguvu hata moyo wangu nao ukalainika.

Nikapeleka neno kwa shangazi yake, Mama Asha. Jibu limerudi kabla chai haijapoa. Mwanahamisi anasema haolewi na mtoto. Mtoto! Mimi nina mvi hadi masikioni. Anasema tangu nifike hajaniona nikipita bila Alfani kunishika mkono. Marehemu mumewe hakuweza kununua wembe bila kaka zake kumfuata, naye amechoka kuupikia msafara. Kwa hiyo sharti: nivuke mto hadi Lubunga mwenyewe, nitembee huko mwenyewe, nirudi na samaki wa moshi, mwenyewe. Ijumaa atatoa jibu.

Kuna mposaji mwingine. Kasongo, karani wa reli, ambaye huvuka mto kila asubuhi peke yake akipiga mluzi. Simpendi. Mluzi wenyewe hauna wimbo.

Sharti ni jepesi. Kwani miguu ya nani?

Jumanne, 27 Juni

Si jepesi. Hapa mgeni haachwi. Alfani hunisindikiza sokoni, msikitini, kwa kinyozi. Nikienda chooni husimama nje na birika, akikohoa ili nijue yupo. Nimemwomba akae apumzike. Akashika kifua. "Kaka Yakubu, mugeni akitembea yeye moja, batu batasema Alfani alimufukuza."

Mpango wa kwanza: kutoroka akisinzia baada ya chakula. Nikavua viatu, nikanyata kando ya ukuta kama mwizi wa kuku. Mama Pélagie wa nyumba ya pili akaniona na viatu mkononi. Yowe! Eti mgeni wa Alfani anakimbia njaa! Nusu ya mtaa wetu wa Mangobo ikatoka nje. Kikao kikakaa. Alfani analia, mkewe Fatouma anauliza kama ni chumvi, maana chumvi imekuwa adimu mjini tangu serikali ya hapa na ile ya Léopoldville zinuniane. Nikaapa kwamba chakula ni kitamu. Nikachinjiwa kuku mwingine.

Nimemla, kwa huzuni.

Jumatano, 28 Juni

Mpango wa pili, wa akili zaidi. Nikamwambia Alfani nimesikia kuna mzee wa Ujiji, aitwaye Lukumani, upande wa Tshopo, mwenye salamu zetu. Hakuna mzee kama huyo. Nilimtunga nikipiga mswaki. Nilijua Alfani atakimbia kuzifuata salamu, nami nitakimbilia mtoni.

Alfani akakimbia kweli, akanishika mkono. Salamu ni zetu sote, kaka! Tukazunguka Tshopo juani tukimtafuta mtu niliyemtunga.

Tukampata.

Naapa! Mzee Lukumani, amekaa barazani, anachambua mchele. Akasema yeye asili yake Ujiji. Akanikumbatia, akalia, akanisalimia kwa niaba ya watu nisiowajua, nikajibu kwamba wote hawajambo. Isipokuwa mmoja, huyo nilimwua kwa mdomo, nikidhani ndivyo anavyotaka, kumbe ni shemeji yake kipenzi. Ilibidi nimfufue haraka.

Kesho asubuhi atakuja kututembelea. Uongo wangu unakuja kunywa chai.

Alhamisi, 29 Juni

Mungu mkubwa! Lukumani alipomaliza chai akaaga, na Alfani akalazimika kumsindikiza. Wageni wawili, Alfani mmoja! Nikashika tumbo, nikajifanya naumwa. Walipokata kona, nikatoka. Na viatu miguuni, kama mtu mzima.

Nilikuwa peke yangu hadi kizuizi cha askari.

Askari mkubwa akauliza natoka wapi. Tanganyika. Akauliza kama tumepata uhuru. Nikasema Desemba, inshallah. Akatikisa kichwa kwa huruma. "Bon. Sisi kesho tunafanya mwaka muzima. Mutu hana uhuru atatembeaje yeye moja katika inchi iko huru? Rudi Desemba, papa, utembee peke yako!" Akanipa koplo wa kunisindikiza, jina lake Timothée, kijana mpole mwenye bunduki na kikohozi.

Mbele kidogo Mama Agathe, muuza sombe, kisamvu chao, akaniona na askari. Akataka kujua nani kamtupa mgeni mikononi mwa jeshi. Akajitwika kapu, akafuata. Wenzake wakamfuata yeye. Mtoni, Daudi mwenye mtumbwi akasema habebi mgeni asiye na ndugu. Agathe akasema sote ndugu zake. Tukapanda. Mtumbwi ukazama hadi karibu na mdomo. Daudi akatuimbia wimbo ambao nadhani ni wa mazishi.

Lubunga niliwatoroka! Walikuwa wakibishana bei ya samaki. Nikachukua wangu, nikajibanza nyuma ya behewa tupu. Kimya. Peke yangu hatimaye, ugenini, mtu huru! Nikaona reli imeota majani. Nikaona mbuzi amelala juu ya gurudumu la treni kama mkuu wa stesheni. Nikacheka, nikageuka nimwonyeshe Alfani.

Hayupo.

Nikamtazama mbuzi tena. Hakuchekesha tena. Nikajaribu kupiga mluzi. Kisha, naandika hili kwa siri, nikapiga kelele kuuliza kama kuna mtu.

Akatokea Kasongo.

Alifurahi mno. Akanishika mkono ule ule anaoushika Alfani, akatangaza kwa sauti kwamba mgeni amepotea na yeye amempata. Koplo akaja mbio, na akina mama, na wafanyakazi wa reli waliokosa kazi. Tukavuka kwa mitumbwi mingi, Kasongo amesimama mbele. Upande wa pili tukakutana na Alfani, amekuja kunitafuta na Lukumani na kundi lao. Alfani alikuwa amepoteza kofia. Alinikumbatia hata samaki akavunjika.

Msafara wote ukafika mlangoni kwa Mwanahamisi. Akaacha mchi. Akatutazama, akamtazama hata wa mwisho.

"Papa Yakubu," akaniuliza, "na wengine umewaacha wapi?"

Kisha akawakaribisha wote, maana afanyeje? Lituma ikaisha. Kasongo alikula kuliko jeshi.

Ijumaa, 30 Juni

Ngoma mji mzima, bendera, vijana wanapiga kelele za uhuru. Mimi ndani, nasubiri Mama Asha.

Amekuja. Kasongo amekataliwa, kwa sababu ya namna alivyokula. Nikaruka! Mama Asha akaniambia nikae.

Mwanahamisi hajasema hapana. Hajasema ndiyo. Anasema tangu azaliwe hajavuka hata mto bila mjomba, kaka au mume, na jana, alipomwona mzee kama mimi akihangaika vile kwa ajili ya siku moja ya peke yake, alitamani hiyo siku kuliko alivyomtamani mzee. Wiki ijayo anapanda lori, kisha meli, hadi Ujiji. Akiweza kushinda kutwa moja katika mji wangu, akatembea ziwani na sokoni bila mtu kumfuata, atarudi na ndiyo. Akifuatwa, basi.

Basi!

Jumamosi, 1 Julai

Nimeamka nikiimba. Sharti lipo Ujiji, na Ujiji ni kwangu! Kasongo ajaribu sasa kupiga mluzi.

Nimempata dereva anayetangulia mashariki, nikampa maagizo ampelekee dada yangu. Ukoo wote umpokee Mwanahamisi bandarini. Shangazi zangu wote, watoto wa madrasa na wenye matarumbeta. Alale katikati ya binamu. Akienda sokoni waende naye, akitaka kuliona ziwa wamwonyeshe wao, kwa zamu, asipate upweke hata kidogo. Mwanamke mgeni, peke yake katika nchi ya watu! Ataonaje raha?

Kwa heshima hiyo, sioni atakataaje.