Mgonjwa Wangu Aliyekatazwa Kucheka

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Mimi ni msomaji wenu wa miaka mingi, na sijawahi kuwaandikia hata mara moja, hata ile siku mliyokosea tarehe ya Idi. Safari hii nimeshindwa kunyamaza.

Mume wangu Muhanna, mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Bagamoyo, alifanyiwa upasuaji wa ngiri mwezi uliopita. Siku ya kutoka wodini daktari alimwambia, "Mzee, usinyanyue kitu kizito, usikohoe kwa nguvu, na kwa wiki tatu usicheke." Muhanna akacheka. Daktari akanigeukia mimi: "Mama, kazi hiyo nakuachia wewe."

Kazi yenyewe si ndogo. Muhanna huchekeshwa hata na taarifa ya hali ya hewa. Nikaficha redio, nikazuia wageni wenye mdomo, nikawa namsomea maelezo ya dawa zake. Siku ya tano akasema afadhali arudi wodini.

Hapo ndipo nilipofungua gazeti lenu. Mwandishi wenu wa ukurasa wa sanaa alikuwa anajiuliza kama ile filamu ya zamani ya Kimarekani, ya kuchekesha, isiyo na rangi, iliyozoa tuzo enzi zake, bado inafaa leo. Jina silitaji nisije nikaitangaza. Jibu lake lilikuwa hili: "Haichekeshi tena hata kidogo." Nilimshukuru Mungu. Nikampigia mpwa wangu Shihab aliyeko Dar, akanitumia filamu siku hiyo hiyo. Baada ya swala ya alasiri nikamkalisha mgonjwa, nikaiwasha kwa imani.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Filamu haijamaliza dakika kumi, muuza kofia anamficha bata bukini wa hakimu ndani ya piano, na wageni wanaomba wapigiwe muziki. Mwandishi wenu alisema kichekesho hicho kimechakaa. Muhanna alishika tumbo kwa mikono miwili. Nikamwambia, "Jikaze, gazeti limesema haichekeshi." Hilo ndilo lililomzidishia.

2. Mwandishi wenu aliandika kuwa sehemu ambayo tajiri anamfokea mtumishi wake wa kike, na meza nzima inacheka, haivumiliki leo. Hapa nasema kweli, alikuwa sahihi. Muhanna aliacha kucheka, akasema, "Huyu bwana hana adabu." Tukapata dakika nne za amani. Lakini filamu ni ya saa moja na nusu, Ndugu Mhariri. Kwa nini hamkutuambia kwamba amani yenyewe ni ya dakika nne?

3. Mlidai vichekesho vyake vinategemea maneno ya zamani yasiyoeleweka tena. Shemeji yangu Rajabu, mkulima wa Makurunge, alikuja kumjulia hali mgonjwa. Kiingereza hajui hata neno, na nilimruhusu kuingia kwa sababu hiyo hiyo. Akaketi, akamwona bata, akaanguka mkekani. Hakuelewa neno la zamani wala la leo, na alicheka kuliko wote.

4. Uzi mmoja wa jeraha ukakatika. Nikamwita Maulida, muuguzi, jirani yetu. Aliingia na mkoba wake amefura: "Nani kamchekesha mgonjwa?" Nikamwonyesha televisheni, iwe ushahidi. Lilikuwa kosa langu, nalikiri. Bandeji aliifunga mabega yakimtikisika, akaibandika upande usio na jeraha. Ikabidi aanze upya.

5. Hili ndilo zito. Nilipoona damu kwenye kanzu ya Muhanna, niliketi kando yake. Miaka thelathini na moja tumeoana, na sikuwahi kumwona amelala kitanda cha hospitali mpaka mwezi ule. Nikaanza kulia. Yeye akanishika mkono akasema, "Jokha, tangu nitoke wodini, leo ndiyo nimejisikia mzima." Sasa nimlaumu nani? Mgonjwa halaumiwi. Bata naye yuko mbali. Mmebaki nyinyi.

Kwa hiyo naomba mkanushe, kwa herufi kubwa, ukurasa wa mbele. Pili, filamu yoyote mtakayosema haichekeshi ijaribiwe kwanza kwa mtu mwenye nyuzi tumboni, tena mbele ya daktari. Tatu, mwandishi wenu aje Bagamoyo, aketi katikati ya Muhanna na Rajabu, aitazame upya. Akimaliza na uso wake ule ule, nitamwomba radhi na kumpikia biriani.

Nisalimieni wote hapo ofisini, wachapaji, mchora katuni, na mwandishi mwenyewe. Sina kinyongo naye, nina mgonjwa tu.

Ni mimi, mlinzi wa tumbo la mwenzangu,
Bi Jokha, Bagamoyo

Nyongeza: Barua hii imechelewa kupelekwa posta. Jana daktari alimtoa Muhanna nyuzi, akamwambia acheke apendavyo. Tukafurahi, tukaalika watu, nikakaanga sambusa, tukaiwasha tena filamu ile ile. Muhanna aliitazama bila kucheka, katikati akasinzia. Nilipomwamsha akaniuliza, "Hivi siku ile tulikuwa tunacheka nini?" Nikamtazama Rajabu, Rajabu akamtazama Maulida, Maulida akachukua sambusa. Tafadhali msiichapishe.