Mashine za Masikio na Shimo la Ndizi

Jumatatu, 16 Juni 2025
Niko kijijini Keza. Likizo ya shule! Dada Eustakia kaenda Lusahunga kuuza maharage mpaka Jumamosi. Kaniachia binti yake Priscila, miaka tisa, na mashine zake mbili za kusikia. Miaka mitatu walihangaika hospitalini mpaka kuzipata! Masharti: zisiguse maji, zisipigwe vumbi, zikivuliwa ziingie kwenye kikopo chake chenye vidonge vya kunyonya unyevu. Jirani Danstan akasikia. Akasema ukimpa Gidioni, yaani mimi, kifaranga akilinde, mwewe anashukuru. Mbele ya watu! Tutaona.

Jumatano, 18 Juni
Huyu mtoto ni wa ajabu. Kabla ya kwenda kuogelea mtoni anavua mashine mwenyewe, anazifuta kwa kitambaa kikavu, ananikabidhi kikopo. Wenzake kawafundisha ishara za mikono, ili wakiwa majini asipitwe na neno. Nani kamwelekeza? Hakuna!

Lakini kikopo chenyewe! Kidogo vile, na asubuhi ukungu umejaa bondeni. Mashine zinataka joto. Nikawaza. Danstan kachimba shimo la kuvundikia ndizi, za pombe ya harusi ya bintiye. Kaliwashia moto tangu alfajiri, kazoa makaa, kalitandika majani makavu. Wapi pengine pana joto kama hilo? Alipoenda kubeba mikungu nikafunga mashine kwenye leso, nikaichomeka chini ya majani. Nusu saa tu, nilijiambia.

Nikasinzia. Kuamka, shimo limejaa ndizi na limefukiwa udongo! Halifunguliwi mpaka Jumapili. Ukilifungua kabla, ndizi zinagoma kuiva. Mungu wangu! Priscila aliporudi nikamwambia mashine zinapumzika. Akasema sawa, mjomba.

Alhamisi, 19 Juni
Priscila kajifunga kilemba tangu asubuhi, eti kuna vumbi. Mimi siku nzima napiga kelele ili anisikie, mpaka koo limekauka. Cha ajabu, anajibu kila kitu, tena kwa upole! Nimewahi kuambiwa wasiosikia husoma midomo. Huyu kanipa mgongo, anapepeta maharage, mimi nanong'ona peke yangu kwamba nina njaa. Akasema ugali uko jikoni. Anasoma midomo kwa kisogo! Wilaya nzima ya Ngara hana mfano.

Nilitaka kumweleza ukweli. Nikaogopa.

Ijumaa, 20 Juni
Chakula hakipiti. Mtoto mwenye akili hivi atarudi shule asimsikie mwalimu, na chanzo ni mimi! Danstan alipoenda kukata kuni nikachukua jembe. Nikafukua. Nikarusha ndizi huku na huku. Leso hii hapa! Ndani yake, punje mbili za maharage.

Nikakaa humo humo shimoni nikalia. Danstan akarudi, akapiga yowe, majirani wakajaa. Priscila akajipenyeza katikati yao. Akafungua kilemba. Mashine ziko masikioni! Juzi alikuwa amerudi nyumbani kufuata sabuni, akaniona nikizificha, akazitoa mara tu nilipogeuza mgongo. Nikamuuliza mbona hakusema. Akasema aliona haya kumwambia mtu mzima kwamba amekosea. Maharage aliyaweka ili nikija kupapasa leso nisipate mshtuko. Moyo gani huo! Nikatoka shimoni nimkumbatie. Akarudi nyuma. Akasema vumbi, mjomba.

Jumamosi, 21 Juni
Dada karudi. Kaona mashine nzima, safi, akauliza nani kazitunza. Priscila akasema ni mjomba, na kwamba alizitafutia maficho ambayo hata mwizi asingeyafikiria. Dada kanishukuru mpaka nikaona aibu. Kidogo tu. Mtoto huyu nampenda jamani, kuliko hata nafsi yangu.

Danstan kanichimbisha shimo jipya na kunituma kutafuta mikungu mingine. Viganja vimejaa malengelenge. Lakini nikiwa nachimba nimelijua kosa langu. Joto lilikuwa dogo! Likizo ya Desemba itakuwa ya mvua, unyevu kila mahali. Kule bondeni kuna mfugaji mmoja, Bulugu, anachoma matofali. Tanuri lake linakaa na moto siku nne mfululizo. Nimeshamwomba aniachie tundu moja dogo.